Gari Halikuacha Reli, Liliachishwa

Chukua sentensi ya aina tunayoisikia kila mara redioni: gari la moshi la mizigo limeacha reli karibu na bandari. Sarufi yake haina kasoro. Kiima ni gari, kitenzi ni kuacha, kilichoachwa ni reli. Msikilizaji wa Kibokoni, Mombasa, anaielewa bila kuuliza.

Sasa iweke sentensi hiyohiyo juu ya tukio la tarehe 31 Machi 2020 katika bandari ya Los Angeles, Marekani. Dereva alikiendesha kichwa cha gari la moshi kwa kasi mpaka reli ikamwishia. Kichwa kikavunja vizuizi, kikapasua ua wa waya, kikasota juu ya ardhi tupu, kikasimama zaidi ya mita 200 kutoka ilipofungwa USNS Mercy, meli ya hospitali iliyoletwa kuupunguzia mji ule mzigo wa wagonjwa wakati wa korona. Hakuna aliyeumia. Dereva alieleza kwamba aliishuku meli ile na alitaka watu wote waitazame. Alikiri kosa, na Aprili 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Je, gari liliacha reli?

Liliachishwa. Viambishi viwili tu, na mtu aliyekuwa ametolewa katika sentensi anarudi ndani yake.

Hapo ndipo penye shughuli yangu na wewe, msomaji mwenzangu. Lugha yetu ina maneno ya kutosha ya gari linaloanguka lenyewe. Ya gari linaloangushwa na mtu hatujayaketia chini tukayachagua.

Mitaani Mombasa utasikia "treni imeanguka". Neno lina uchangamfu, lakini gari laweza kutoka relini likabaki limesimama wima, magurudumu yamezama kwenye kokoto. Hilo halikuanguka. "Imepinduka" lina dosari hiyohiyo, na juu yake limebeba siasa: tangu Zanzibar 1964, mzizi huu wa pindua hauwezi kutamkwa bila serikali kuingia akilini. Nalipenda zaidi lile la Kimvita, "limetoka ndiani", kwa sababu linataja mahali palipoachwa na haliongezi chumvi. Na ndia si lugha ya wazee peke yao. Ndia Kuu ni barabara ya Mji wa Kale mpaka leo, imeshika sauti yake hata baada ya vitabu vya shule kuchagua njia. Hata hivyo, kutoka nako ni kitendo cha gari. Aliyelitoa hayumo.

Linganisha na bahari, ambako babu zetu hawakuacha pengo la namna hii. Dau hutota, mtu hutosa. Ni mzizi mmoja, t ikawa s, na kwa konsonanti hiyo moja tunajua kama maji yameingia yenyewe au kuna mkono uliotupa kitu majini. Ndivyo vilivyo takata na takasa: kimoja huwa, kingine hufanywa. Chombo huzama, nacho huzamishwa.

Kuna jozi nyingine ninayoistahi kuliko zote, ya maji kupwa. Chombo hupwelewa: maji yametoka, kimebaki juu ya mchanga, nahodha hakupenda. Lakini nahodha huyohuyo, akitaka kukipaka deheni tumboni, hukipweleza. Hukipeleka ufuoni kusudi, akayangoja maji yamkimbie. Picha ni moja: chombo kimelala ubavu juu ya mchanga. Mtu anayepita Bandari ya Kale hawezi kutofautisha kwa macho. Lugha ndiyo inayomtofautishia, na inamtofautishia kwa nia ya mtu.

Watu waliokuwa na kupwelewa na kupweleza hawana udhuru wa kuridhika na kuacha reli.

Neno linalotuharibia zaidi ni ajali. Asili yake ni Kiarabu, na humo maana yake ni muda uliowekwa, siku ambayo mtu ameandikiwa. Washairi wa pwani wamelitumia hivyo kwa karne nyingi: ajali ni mauti yanapofika wakati wake. Ndiyo sababu tunasema ajali haina kinga. Kinga itatoka wapi, ikiwa jambo liliandikwa? Kwa hiyo mwandishi wa habari anapoita "ajali" kitendo cha mtu aliyepanga, hakosei kidogo. Anamhamishia Mungu kitu kilichofanywa na mja. Ningeomba kila chumba cha habari kiweke sheria moja: chanzo kisipojulikana, andika tukio. Chanzo kikijulikana kuwa ni mtu, neno ajali litolewe katika habari hiyo na lisirudi.

Badala yake wengi hukimbilia hujuma. Ni neno zuri, lina uzito, na mzizi wake wa Kiarabu ni wa kushambulia. Katika Kiswahili limejikunja likawa la siri zaidi: hujuma hufanywa gizani, au na mtu aliye ndani. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 1983 hawatasahau lilivyopanda bei, pale Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na sheria maalumu ikatungwa. Kuanzia hapo aliyeficha sukari na aliyetoboa bomba wakaingia kapu moja. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Hujuma hutaja uadui, haitaji tendo. Ukiniambia reli imehujumiwa, sijui bado kama imeng'olewa, imetegewa baruti, au imeandikiwa hesabu za uongo ofisini.

Na ugaidi? Mashtaka ya Los Angeles yalitumia sheria ya mashambulio ya kigaidi dhidi ya reli. Kwetu gaidi wa kamusi za zamani alikuwa mnyang'anyi wa njiani, mtu wa kuvizia wasafiri, na mtu angedhani basi kwamba reli ndiyo ingekuwa makazi yake ya asili. Lakini tangu mlipuko wa Kikambala wa Novemba 2002, neno hili halitamkwi Mombasa bila kumgusa mtu: aliyefiwa, na pia mzazi ambaye mwanawe alichukuliwa akahojiwa kwa sababu ya mtaa anaokaa. Tuiachie mahakama. Mwandishi asilitumie kuongeza moto kwenye kichwa cha habari.

Kusudi, kwa upande wake, ni johari. Linatoka kwenye mzizi wa kuelekea, kulenga, na ndugu yake wa tumbo moja ni kasida, ile tunayoisikia kwenye maulidi. Kiswahili kimelifanyia kazi ya hali ya juu: kusudi ni lengo tu, halina lawama, makusudi yana lawama tayari. "Nimekuja kwa kusudi la kukuona" ni heshima. "Umefanya makusudi" ni ugomvi. Mtoto wa miaka mitano anaijua tofauti hiyo, na utamsikia akijitetea: sikukusudia. Kwa hiyo "kwa makusudi" litumike bila woga katika habari za reli, lakini kama kiungo. Haliwezi kuwa nyama. Bado tunahitaji kitenzi.

Kabla ya kitenzi, nistarehe kidogo na vitu vyenyewe, maana majina yake ni mazuri na yanastahili kuangaliwa.

Gari ni la Kihindi. Na katika kisiwa hiki cha Mombasa gari lilitangulia moshi. Kabla ya reli kubwa kushika kazi, na miaka kadhaa baadaye, palikuwa na vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kati ya Mji wa Kale na Kilindini, abiria ameketi chini ya kijipaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa magari. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, ikavuka kwenda bara kwa daraja la muda la mbao, ilibidi jipya litofautishwe na la kusukumwa. Likaitwa la moshi. Leo mvuke umekwisha zamani, jina limebaki, na sioni sababu ya kuliondoa. Treni ni neno halali, limeingia kwa mlango wa Kiingereza kama mengi. Gari la moshi limezaliwa.

Behewa limetoka nyumbani. Kamusi za kale zinalifahamu kama ukumbi, nafasi iliyozungukwa na kuta ndani ya nyumba ya mawe. Mtu aliyekulia katika nyumba za namna hiyo aliona chumba kirefu chenye kuta nne kikipita juu ya magurudumu, akakiita kwa jina alilokuwa nalo. Hakuna kamati iliyokaa. Na taruma, ile miti au vyuma vinavyolazwa kukingama chini ya reli, ni neno la mafundi wa vyombo: taruma ni mti wa kuimarisha mbavu za dau. Fundi wa Kiswahili alipoiona njia ya chuma imelala juu ya vipande vilivyopangwa sawasawa, aliona tumbo la chombo. Shehena nayo ni ya baharini, ikapanda behewa pale gatini bila kubadili jina.

Tazama basi: nyumba imetoa behewa, bahari imetoa taruma na shehena. Vitu vyote vya reli vimepata wazazi. Kitenzi cha msiba wake ndicho kilichoachwa yatima.

Jambo moja la pembeni. Hii reli iliyofunguliwa mwaka 2017 inayoishia Miritini kwa abiria na kuingia bandarini kwa mizigo, tunaiita kwa herufi tatu za Kiingereza, au tunasema "reli ya kisasa". Kisasa ni neno lenye tarehe ya kuharibika. Hata ile ya 1896 ilikuwa ya kisasa. Tuseme reli pana na reli nyembamba, tupate amani kwa miaka mia.

Turudi. Kung'oa ni neno la kweli, lakini ni la reli, si la gari. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana wa Kibera waling'oa sehemu ya reli inayopita katikati ya mtaa wao, na shehena za kwenda Uganda na mbele zake zikakwama. Hapo kung'oa kumekaa mahali pake hasa: reli iling'olewa kama jino, mchana, mbele ya watu. Hakuna gari lililoanguka. Atakayeandika kwamba siku ile "treni ilihujumiwa" amepoteza kilichotendeka.

Mwizi wa chuma naye apewe neno lake. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kwa muda biashara ya chuma chakavu, baada ya nguzo za umeme na vifaa vya reli kuharibiwa. Anayefungua parafujo za reli auze kwa kilo anaweza kulipeleka behewa mtoni, lakini hakulikusudia behewa. Alikusudia kilo. Huyo anaiba reli. Tumwite mwizi wa reli, na kosa la pili, la kutojali roho za watu, liandikwe kwa maneno yake. Tukimwita mhujumu tumemkweza, na siku mhujumu wa kweli atakapokuja hatutakuwa na jina la kumpa.

Wa kweli walishakuja. Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta, na mpaka walipofukuzwa Machi 1916 vikosi vyao vidogo vilikuwa vikivuka nyika kavu, vimebeba baruti na maji ya kuhesabu, kuiwinda Reli ya Uganda upande wa Voi na Tsavo. Kila kilichopanda kwenda bara kupigana kilikuwa kimeshushwa Kilindini, na wakati huo Kilindini haikuwa na gati la maji marefu. Meli zilitia nanga, shehena ikaja pwani kwa matishali. Kutoka tishali kuingia behewa, na behewa kwenda kukutana na baruti chini ya taruma.

Kiswahili kina neno la askari hao lisilohitaji marekebisho: walitega. Kutega ni kazi ya mwindaji, inataka subira, na inataka kujua mnyama hupita wapi. Gari la moshi ndilo mnyama wa pekee asiyeweza kubadili mapito. Nalo kutegua lipo, kuondoa mtego kabla haujafyatuka. Kinachonifurahisha ni kwamba kutegua ni pia kutengua kiungo: mguu huteguka, mfupa ukatoka mahali pake. Nilifikiri kwa muda kwamba hili ndilo neno tunalotafuta. Gari limeteguka relini, adui amelitegua. Lakini lingegongana na bomu lililoteguliwa, yaani lililookolewa, na sentensi moja ingebeba msiba na wokovu kwa kitenzi kimoja. Nikaliacha.

Waingereza walipochoka, walianza kusukuma behewa lililojaa mchanga mbele ya kichwa, ili mtego ufyatukie huko. Wajerumani nao wakatengeneza mitego ya kungoja behewa la kwanza lipite. Lile behewa la mchanga sijalikuta na jina katika Kiswahili, na ningeliita behewa la kafara. Kafara ni kitu kinachotolewa kipokee shari badala ya mwenye nacho. Watu wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa.

Sasa kitenzi. Napendekeza kukengeua, pamoja na watoto wake. Kukengeuka ni kuacha mstari ulionyooka, kupinda ukaenda upande. Kamusi zinalo, wahubiri wanalo, wazee wanalo. Kukengeusha ni kumfanya mwingine akengeuke. Hapa ndipo jozi inapotimia kama ile ya bahari: gari hukengeuka, kwa reli iliyochakaa au mvua iliyosomba kokoto, gari hukengeushwa, kwa mtu. Tendo lenyewe ni ukengeushaji. Ukitaka kutaja mahali, sema kukengeuka relini. Kichwa cha habari kinaweza kubeba maneno manne tu na bado kikasema kweli yote: gari la mizigo lakengeushwa.

Najua pingamizi. Kukengeuka kumezoea kazi ya maadili: kijana aliyekengeuka, dini iliyokengeuka. Ukengeushi ni msamiati wa wahakiki wa fasihi kwa mtu aliyetengwa na utamaduni wake. Silioni hilo kama doa. Maana ya maadili ilichukuliwa kutoka kwenye maana ya njia, na sisi tunairudisha njiani. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi nasi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017, alifanya kazi hii maisha yake yote. Ndiye aliyetupa runinga, na katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, aliyahifadhi majina ya kuundia jahazi moja baada ya jingine. Desturi yake ilikuwa kutafuta kwanza katika ghala la pwani kabla ya kubisha mlango wa jirani. Kukengeua limo ghalani. Halihitaji kuundwa, linahitaji kuajiriwa.

Kwa Los Angeles pekee neno hili halitoshi, na haki ni kulisema. Kichwa kile hakikupinda. Kilikwenda mbele moja kwa moja, reli ikaisha, kikaendelea. Hilo ni kupitiliza, kitenzi tunachokitumia kila siku kwa abiria aliyelala akapita kituo chake, na hapa kinapata uzito wa kutisha. Dereva alipitiliza kikomo. Nami ningependa kikomo kibaki kuwa ile nukta ambapo reli inaisha, na kile kizuizi chenyewe cha saruji au chuma kilichowekwa hapo tukiite komeo la reli. Komeo la mlango humzuia anayeingia kutoka nje. La reli humzuia anayevunja kutoka ndani, kuelekea baharini. Katika bandari kama yetu, ambako reli huishia hatua chache kutoka majini, jina hili si pambo.

Limebaki la mtu. Mkengeushaji ni umbo sahihi, lakini -aji ni kiambishi cha kazi na mazoea: mwendeshaji, msemaji, mchezaji. Wale wa nyika ya Tsavo walikuwa wakengeushaji; ilikuwa kazi yao, waliifanya tena na tena, na walitumwa. Yule wa Los Angeles alifanya mara moja, kabla ya hapo akiwa mwendeshaji wa kawaida aliyeaminiwa funguo. Yeye nisingempa cheo cha kudumu. Kiswahili kina kirejeshi, nacho kinamtosha: aliyekipitiliza kikomo.